Maziwa Yapo, Mtoto Hanywi

Kijiji cha Kinyala,
S.L.P. Tukuyu.
Jumapili, 15 Mei 1994

Mpendwa Dada Lilian,

Shikamoo dada yangu. Je, joto la huko Tabora limepungua? Na kile kifua cha mtoto wako wa mwisho, kimepona? Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu, ila miguu yangu imevimba, na nakuandikia nikiwa nimeiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Huku mvua haijakatika tangu Pasaka.

Najua umeninunia kwa kukosa picha za harusi. Zitakuja, mpiga picha bado anatuzungusha. Dada, nimeolewa! Huwa naamka na kumwangalia Amoni alivyolala mdomo wazi, na bado siamini kwamba ni wangu. Akirudi kazini, harufu ya udongo wa chai ikiwa kwenye koti lake, moyo unanipiga kama wa msichana wa kidato cha pili. Usimwambie mama kwamba nimeandika haya.

Kama ujuavyo, Amoni ni bwana shamba wa kata hii, ambayo ndiyo kwao, kwa hiyo tunaishi uani kwa wazazi wake. Fungate yetu tuliimalizia vilimani. Mwezi uliopita alikuja mtafiti kutoka Morogoro, Daktari Generosa, anayechunguza kwa nini watoto wa huku ni wafupi kuliko umri wao, wakati migomba imefunika hadi madirisha. Alihitaji makarani wanaojua Kinyakyusa na wenye mwandiko unaosomeka. Amoni akanitaja mimi.

Tulikwenda kaya mia moja na themanini, mimi na fomu, Amoni na ubao wa kupimia urefu. Wiki tatu. Nilikuwa na furaha, dada, nisikudanganye. Tukivuka mto alinibeba mgongoni. Lakini jioni nilikuwa nimechoka hata kijiko nakiona kizito.

Sasa sikiliza kosa letu. Fomu iliuliza: kaya ina maziwa? Kila nyumba ilijibu ndiyo, na ni kweli, ng'ombe wa kisasa wapo. Lakini unakumbuka desturi zetu. Mgeni mwenye kalamu haambiwi kwamba nyumba hii ina upungufu, hasa baba mwenye nyumba akiwa anasikia.

Hapa kwetu ndiyo ilikuwa balaa zaidi. Mimi ni mkwe. Siruhusiwi kutazamana na baba mkwe wala kumtaja jina. Nikisikia kikohozi chake najitosa migombani. Basi nilimhoji mama mkwe jikoni, na mzee yuko nje nyuma ya ukuta. Mama akajibu kwa sauti ya kanisani, "Maziwa yapo, karani! Andika!" Nikaandika. Tusekile, mjukuu wao wa miaka mitatu, alikuwa amekaa miguuni pangu, na ubao ulikuwa umemsoma kama mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Jumatatu asubuhi nilipeleka ndoo ya maziwa kwenye kituo cha kuuzia maziwa, kama ninavyofanya kila siku tangu niolewe. Nikawatazama wanawake waliopanga foleni. Ni walewale walionijibu ndiyo. Maziwa yote ya Kinyala yalikuwa pale, yanasubiri gari la mjini. Fomu zetu zilikuwa zinasema watoto wote wanakunywa. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba kata zitakazoonekana zina lishe ya kutosha zitaachwa nje ya mpango wa kliniki za watoto. Fomu zilikuwa zichukuliwe Ijumaa.

Nilimwambia Amoni tukiwa njiani. Akakaa juu ya jiwe, akavua viatu. Kisha akasema, "Mke wangu, jambo hili ungeliona kabla miguu yangu haijaota malengelenge." Halafu akasimama. "Haya. Tuanzie juu, tushuke."

Tukaanza upya, bila ubao. Safari hii niliuliza swali moja tu: jana, tangu asubuhi, huyu mtoto ameweka nini mdomoni? Majibu yakawa mengine. Mbalaga, ndizi za kuchemsha tupu. Viazi. Chai ya rangi. Ndizi tupu tena. Mwanamke mmoja alinicheka, "Karani, umerudi kutuhesabu meno?" Alipomaliza kunitajia chakula cha mwanawe hakucheka tena.

Alhamisi ikafika zamu ya nyumba yetu. Mama mkwe alitazama ukuta, akanong'ona, "Mtoto hanywi." Nyuma ya ukuta kikohozi kikasikika. Nikaweka kalamu chini.

"Mama Amoni," mzee akasema, "muulize karani. Akiandika hivyo, Serikali itasema mimi namnyima mjukuu wangu?"

Siwezi kumjibu, dada. Nikamwambia mama, "Mama, mwambie hakuna jina, ni namba tu."

Mama akarudia maneno yangu, ingawa ukuta wenyewe ni wa mianzi na mzee alikwisha kuyasikia. Mzee akasema, "Basi aandike mtoto hanywi. Na aandike sababu. Zamani mbolea tuliletewa na chama cha ushirika kwa bei nafuu. Sasa wanasema soko ni huria, kila mtu na lake. Mbolea yangu inatoka kwenye maziwa yale. Nikimpa mtoto, shamba linalala njaa, na mwakani tunalala wote. Hilo nalo wameweka mahali pa kuandika?"

Hapakuwa na mahali. Niligeuza fomu nikaandika nyuma, neno kwa neno. Tukawaambia waliobaki kwamba hakuna jina na sababu nayo inaandikwa, na wengi wakataka yao pia iandikwe nyuma.

Kaya kumi na moja hatukuzifikia, tukaandika kwamba hatukuzifikia. Ijumaa Daktari Generosa alikaa ndani ya gari akisoma migongo ya fomu, mvua ikigonga bati la gari. Akasema, "Wizara ya kilimo inaandika ya mbolea, wizara ya afya inaandika ya watoto. Hawajawahi kuyasoma kwenye karatasi moja. Nitayaweka kwenye karatasi moja." Nikamuuliza kama Kinyala itabaki kwenye mpango. Akasema hajui. Namheshimu kwa kutonidanganya.

Jana, wakati mama ananikabidhi ndoo, sauti ilitoka nyuma ya ukuta: "Mwambie karani leo asijaze mpaka juu." Kikombe kimoja kikabaki. Tusekile alikunywa nusu akamwaga nusu, na hakuna aliyemgombeza. Nililia kidogo, labda kwa uchovu. Ni kikombe cha mtoto mmoja, dada. Wengine wote majina yao ni namba, wanasubiri karatasi iliyokwenda Morogoro, na sisi hatuna la kufanya tena ila kuisubiri nao.

Nisalimie sana shemeji Lazaro na watoto wote. Mama mkwe anakusalimu, na Amoni anasema umletee asali ya Tabora. Mungu akulindie nyumba yako na kila anayekula humo.

Mdogo wako akupendaye, mchovu lakini mke wa mtu,

Sekela