Mashine ya Anli Siivunji

Andilana,
Nosy Be.
Jumapili, 20 Machi 1983

Mpendwa Kaka yangu Abdourahamane,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nakuamkia kabla ya lolote, maana mama alitulea hivyo, na hasira haijanisahaulisha adabu. Miguu yako inaendeleaje? Ule wa kulia bado unavimba ukikaa sana dukani? Na wifi yangu Nadjma, kifua chake kimepoa? Mwambie asilale dirisha wazi, upepo wa Mombasa si wa kuchezea. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Kaka, nimekukasirikia. Nakwambia mapema, usije ukadhani ni mwandiko wangu tu uliochafuka.

Unasema mashine ya Anli ivunjwe na chuma chake kiuzwe kwa wanunua vyuma chakavu. Unasema Anli mwenyewe apande boti aende Mahajanga, akae dukani kwa binamu yetu Assoumani kule Belobaka, awapimie watu mchele. Ati kijana ameuaibisha ukoo, na nusura amuue Assoumani mbele ya wageni. Haya umeyapata kwa nani? Kwa Assoumani huyohuyo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi niliyemzaa Anli, na niliyekuwapo pale nimesimama kwa miguu yangu, hukuniuliza hata neno moja.

Basi sasa utasikiliza, kwa kuwa barua haikatizwi katikati.

Unaikumbuka boila ya babu, ile ya kukenekea mafuta ya langilangi, mvuke wake ukipita kwenye maua na kuyatoa mafuta. Ulikuwa ukiiogopa ulipokuwa mdogo, na ulikuwa na haki. Ilikuwa imezibwa viraka mpaka viraka vyenyewe vikazibwa viraka. Kila tulipoiwasha nilikuwa naisomea Ayatul Kursiyyu, maana tangi zima la maji yanayotokota likipasuka halichagui wa kumwunguza. Mwaka juzi ikatoboka chini kabisa, ikafa. Boila mpya haipatikani nchi hii. Hata sabuni tunapanga foleni, sembuse boila. Na langilangi, wewe wajua, haingoji mtu. Ua lichumwalo asubuhi lisipoingia motoni siku hiyohiyo limekuwa takataka. Shamba la mama likaanza kumwaga maua chini, nami naangalia tu.

Ndipo Anli akarudi kutoka Mahajanga. Alikuwa amefanya kazi gereji kule Mangarivotra, na bosi wake akampa kitabu kikuukuu cha Kifaransa chenye michoro. Alinisimulia jioni nzima, nami nikimwonea huruma, nikidhani mwanangu amechoka akili. Anasema zamani, kabla hata babu hajazaliwa, walikuwapo mafundi Ulaya waliochoshwa na maboila yanayoua watu, wakatafuta mvuke kwa njia nyingine. Huyu akidondosha maji juu ya bamba jekundu la chuma. Yule akiyasukuma ndani ya paipu nyembamba iliyo motoni. Wengine waliacha maji kabisa, wakiwasha gesi ndani ya chumba cha chuma ili msukumo wake ufanye kazi. Wengi walishindwa, na wote walichekwa.

Sikuelewa mpaka aliponionyesha taa ya kabidi ya wavuvi. Unaijua: maji yanadondoka tone kwa tone juu ya jiwe la kabidi, gesi inatoka kadiri ya tone, ukifunga maji taa inakufa. Hakuna kilichohifadhiwa cha kulipuka. Akasema, mama, mvuke nao utakuwa hivyo.

Na akaufanya. Alichukua paipu ya chuma kutoka mabaki ya lori, akaizungusha kama kata ya kubebea mtungi, duru juu ya duru, akaijengea tanuri. Maji anayasukuma kwa bomba la mkono, lile la kupulizia dawa miti. Kidogo kinaingia upande huu, mvuke unatoka upande ule na kwenda moja kwa moja kwenye pipa la maua. Kaka, mafuta ya kwanza yalipotoka nililia. Yalikuwa ya manjano hafifu, safi, na kuni tulitumia chache kuliko tulizokuwa tukimlisha lile zimwi la babu. Tuliendesha hivyo tangu mvua zilipoanza, na hakuna aliyeungua hata kidole.

Hayo Assoumani hakukuandikia, sivyo?

Alikuja kututembelea mwezi uliopita, akaikuta mashine inafanya kazi, akaipenda ghafla. Wewe wamjua. Tangu akamilishe ndoa kubwa yake, ile karamu ya Kingazija impayo mtu cheo mjini, shughuli isiyompa safu ya mbele huiona si shughuli. Akasema kitu kama hiki hakiendeshwi kimyakimya kama uchawi, lazima kifunguliwe kwa maulidi, watu waitwe, wale washibe. Mimi nikaona ni jambo la heri, nikapika wali. Anli aliomba maulidi yasomwe kwanza, moto uwashwe baadaye. Assoumani akakataa. Alitaka wageni wauone mvuke ukipanda huku Mtume anaswaliwa. Na alitaka waone nani ameshika bomba.

Anli akamfundisha. Nilikuwapo, nilisikia. Alimwambia jambo moja tu, kwa adabu zote: moto ukiwa unawaka, mkono hautoki kwenye bomba. Maji yakikatika, paipu inakauka na kuwa nyekundu, na hapo usiisukumie maji tena hata kama unafukuzwa na simba, ngoja moto uvutwe na chuma kipoe. Assoumani aliitikia kwa kichwa, namna anavyoitikia hotuba ya Ijumaa.

Wageni wakaja, mwalimu Attoumane akaanza Barzanji. Mambo yakaenda vizuri, mvuke unapumua, harufu ya langilangi imejaa uwanja mzima. Ikafika kiyamu. Watu wote wakasimama kumswalia Mtume, mikono kifuani, marashi yanarushwa. Na binamu yetu naye, mwenye bomba mkononi, akaliacha bomba. Hakusimama palepale alipokuwa, ingawa alikuwa tayari amesimama. Aliliacha, akaenda safu ya mbele, akafumba macho. Kisa nini? Apate kuonekana amesimama kiyamu na watu wazima wenzake, si pembeni na masizi.

Usinitafsiri vibaya. Simlaumu mtu kumheshimu Mtume, rehema na amani zimshukie. Mwalimu Attoumane mwenyewe aliniambia baadaye kwamba mtu angeweza kumswalia hukohuko kwenye bomba, na thawabu zake zisingepungua. Kiyamu hakikutaka safu ya mbele. Assoumani ndiye aliyeitaka.

Anli alikuwa ng'ambo ya pipa, anakinga mafuta. Alipoona mvuke umefifia akajua. Angepiga kelele, nani angemsamehe kukatiza kiyamu? Akampungia mkono Assoumani, na Assoumani macho kayafumba. Basi akainama kwenye tanuri, akaanza kuvuta moto nje kwa koleo, peke yake, bila sauti. Nilikiona kile chuma kwa macho yangu, kilikuwa chekundu kama kaa.

Marhaba zikaisha. Assoumani akarudi, akakuta mashine yake aliyowaitia watu imekata pumzi. Aibu ikamshika. Akalivamia bomba na kulisukuma kwa nguvu zake zote.

Anli alimrukia, akamsukuma, Assoumani akaangukia kwenye matenga ya maua. Paipu ikaachia kwenye kiungio. Ule mvuke uliomtafuta Assoumani ulimkuta mwanangu, mkono wa kulia wote mpaka shingoni.

Ulipiga mara moja, ukaisha, kwa sababu ndani hamkuwa na maji ila yale aliyoyasukuma binamu yako. Hebu fikiri. Ingekuwa boila ya babu, na tangi lake, na watu wote wale waliokuwa wameizunguka na watoto mabegani. Leo usingekuwa unaniandikia habari za aibu. Ungekuwa unatusomea hitima.

Assoumani hakuchubuka hata ukucha. Kanzu yake tu iliingia rangi ya maua, na hiyo nilimfulia mimi. Anli alilala hospitali ya Hell-Ville, na katika siku zote zile Assoumani hakwenda kumwona. Alirudi Mahajanga na boti ya kwanza, akakaa chini, akakuandikia wewe. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hapigi teke kwa barua.

Sasa nikwambie kilichotokea barua yako ilipofika, maana hapo ndipo penye kidonda changu.

Kiswahili hiki tulichokiokota Unguja wakati wa baba, hapa nyumbani nimebaki nacho mimi peke yangu. Anli anajua Kimalagasi chake na Kifaransa chake, na Kingazija cha kuamkiana. Kwa hiyo barua yako nilimsomea mimi, neno baada ya neno, nikimfasiria. Ningeweza kuipinda. Ningeweza kumwambia mjomba anakupa pole, mjomba anasema upone upesi. Nani angenisahihisha? Wallahi ulimi uliwasha. Sikuipinda. Nilikuheshimu kwa kiasi hicho, wewe ambaye hukuniheshimu kwa kuniuliza.

Akasema tu, mjomba kasema. Basi. Akachukua spana kwa mkono wa kushoto, maana vidole vya kulia havijafunga sawasawa, akaenda kuanza kufungua nati. Nilimnyang'anya ile spana. Mtu mzima mimi, niking'ang'aniana chuma na mwanangu uwanjani, majirani wanatazama. Ninayo hapa chini ya mto wangu, na ardhi iliyo chini ya ile mashine mama aliniachia mimi, kwa ada yetu, na si mwanamume yeyote wa ukoo huu. Kwa hiyo mashine haivunjwi. Jambo hilo limekwisha, usilirudie.

Lakini amefunga begi lake. Boti inaondoka mwishoni mwa mwezi, naye atapanda. Anapita mbele ya mashine kila siku na haiangalii. Maua yanaanguka, wachumaji wameanza kwenda kwa wengine. Nimemwambia nimemsamehe, akaniuliza, umenisamehe nini, mama? Na kweli hakuna alichokosa. Anaamini amekosa kwa kuwa wewe umesema. Tangu mume wangu Fazul asirudi nyumbani ule mwaka wa mauaji ya Wangazija Mahajanga, na wewe ukaondoka kwa usalama wako, kijana huyu hana baba ila mjomba wake aliye ng'ambo ya bahari. Wewe hujakanyaga hapa tangu hapo, sikulaumu kwa hilo. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na umekihukumu kitanda kizima.

Kugombana na Assoumani ninaweza, na nitagombana naye, amjue Zalifa ni nani. Kinachonikera mpaka nashindwa kula ni kwamba juu ya Anli mimi mama sina neno mbele ya neno lako. Ulimfunga kwa kalamu ukiwa umekaa dukani kwako, na hakuna mwingine duniani wa kumfungua.

Barua ya kunijibu haitawahi. Nenda posta utume telegramu, itaje jina lake, si langu, na uiandike kwa Kifaransa aisome mwenyewe. Maneno mawili yanatosha: Anli, baki. Usipoiandika, nitamsindikiza bandarini kama mama anavyopaswa, na siku hiyohiyo nitakuwa nimempoteza mwana na kaka pamoja.

Nisalimie sana wifi Nadjma na watoto wote. Bi Ansoifa jirani, anayempaka Anli asali kila asubuhi, anakusalimu na kukuombea. Binti yangu Echata anakubusu mkono. Anli hakutuma salamu. Nilimwuliza kama niandike jina lake, akasema mtu aliyemwaibisha mjomba wake hana uso wa kumtumia salamu.

Mungu akupe umri mrefu na afya, aiponye miguu yako, na moyo wako aulainishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako Zalifa