Nyange na Dume wa Ng'ambo ya Waya

Jumatatu, 5 Machi 1956
Kuchimba matuta ya lazima ya serikali tangu asubuhi. Mgongo si wangu tena.

Shemeji Zacharia, kaka mkubwa wa mume wangu, ametuma habari kutoka Thika: Pasaka anakuja kumchukua Nyange. Ng'ombe wa miaka sita asiyezaa ni nyama inayotembea, eti. Mchinjaji ameshapatikana. Lakini Nyange ni wangu! Mume wangu alinipa huyu akiwa ndama. Sasa mume yuko kizuizini, nami nimebaki na ng'ombe tu. Watoto sina. Tasa anafuga tasa — hilo nalisikia kila nikienda kuchota maji.

Tasa gani, na hajawahi kuona dume? Alipokuwa tayari, mume akachukuliwa. Kisha serikali ikatuhamishia kijijini humu, madume wakauzwa wote. Handaki pande zote, miiba, lango moja, filimbi ya kulifunga jioni. Angezaa na nani — na handaki?

Ijumaa, 9 Machi
Jioni. Lango limefungwa, na sasa ndipo Nyange anaanza! Analia, anazunguka kigingi, amempanda ng'ombe wa jirani yangu Nyawira. Anataka dume. Nyawira anasema mpeleke sasa hivi, kesho atakuwa amepoa. Nimpeleke wapi? Niruke handaki na ng'ombe begani?

Dume wa karibu yuko shamba la mzungu, ng'ambo ya waya wa malisho. Sisi tumo ndani mpaka kesho mchana. Nimemkuna shingo tu. Nimelia kwa hasira.

Jumamosi, 10 Machi
Matuta kwanza, hata dunia ikiisha. Mchana ndipo tukafunguliwa kwenda malishoni, askari nyuma yetu.

Nicanor, Mjaluo anayekamua ng'ombe wa mzungu, alikuwa upande wake wa waya. Niliona haya. Kwetu kupandisha ng'ombe ni kazi ya wanaume. Wako wapi hao wanaume? Nikasema tu: Baba, huyu anataka dume.

Akamzunguka, akamtazama nyuma. "Mama, umechelewa. Huyu anakuwa baridi sasa. Ungeleta yeye jana."

Jana! Nikamwonyesha lango. Akainua waya mahali palipolegea, akamleta dume. Askari aliwasha sigara akageukia mto. Mungu ambariki, kwa leo tu.

Mara moja. Halafu Nyange akakataa kusimama. Nicanor anasema mara moja hutosha, Mungu akitaka. Wiki tatu zikipita bila kulia, ameshika.

Jumapili, 18 Machi
Kimya. Anakula vizuri. Kanisani tuliombea wagonjwa, nami nikamchomeka Nyange humo humo.

Jumanne, 27 Machi
Bado kimya. Nyawira anasema hata manyoya yanang'aa. Naogopa kufurahi.

Ijumaa Kuu, 30 Machi
Shemeji amefika alasiri na kamba mpya. Nikampa chai. Akasema kesho lango likifunguliwa tu, anaondoka na Nyange.

Mbele ya shemeji mkubwa mwanamke hataji mambo ya dume. Mimi nimetaja! "Ana mimba. Nimempandisha mwenyewe." Kikombe kilisimama njiani. Akatazama chini kwa aibu, utadhani mimba ni yangu. Mwenye mimba hachinjwi, anajua vizuri. Akasema polepole: basi, kama ni kweli, atarudi Thika na kamba yake.

Kama ni kweli! Kwa furaha nikamjazia kikombe cha pili.

Filimbi imelia, lango limefungwa. Hakuna wa kutoka. Shemeji atalala kwetu. Yuko uani, anapuliza kikombe cha pili karibu na Nyange. Mimi niko jikoni, naandika magotini.

Nyange ameacha kula. Anazunguka kigingi.

La. La! Si leo!

Nimesugua sufuria kwa mchanga, kwa kelele zote nilizo nazo. Nimeimba wimbo wa msalabani. Nyawira amechungulia juu ya ua, akaona, akaanza kuimba nami.

Sasa analia. Kwa sauti kubwa, anamwita dume wake.

Shemeji anauliza: Idah, huyo ana nini?

Nimejibu ni njaa. Majani yamejaa mbele ya Nyange, na Shemeji ameinuka.