Nyumba ya Mchanga Mkavu

Mume mwenzangu Yusufu,

Huku Ujiji tu wazima, ila swali lako limenichosha. Eti wanao wakija likizo wacheze nini ziwani bila kulipa! Kwani mchanga unauzwa?

Mwaka ule wakimbizi walipoingia, sisi vijana tulijenga nyumba za mchanga ukingoni, wimbi likizibomoa tunacheka. Binti mmoja wa Burundi akajenga yake juu, mbali na maji.

"We dada," nikamwambia, "mchanga mkavu haushikani!"

"Basi nichotee maji. Yangu haibomolewi tena."

Kicheko kikaniishia. Nikachota mpaka jua linazama, naye anaongeza zizi la ng'ombe!

Ndiye bibi yako. Walete watoto upesi wamchotee wao, mimi nimechoka.

Babu yako