Kilio cha Askari wa Chupa

Jumamosi, mwezi wa saba, Lubumbashi. Asubuhi baridi ilinikata vidole, mchana ukawa wa vumbi, na sasa jua linashuka jekundu nyuma ya mabati ya jirani. Umeme bado upo. Naandika upesi kabla hawajaukata.

Shajara yangu, leo namshuku mtu. Na mtu huyo nimemtunga mwenyewe.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi natunga mchezo wa redio. Ni hadithi ya mambo ya anga, inasikika kila Jumapili jioni katika redio ndogo ya mtaani kwetu. Shujaa wetu ni Kapiteni Mulangi. Anazunguka na chombo chake kutoka sayari hadi sayari akiwafungua watu waliofanywa watumwa na Mabwana wa Mnara. Akifika mahali anahutubia, watu wanalia, minyororo inakatika. Mnyororo wenyewe ni wa baiskeli, tunauangusha kwenye sinia. Mama ninayenunua kwake samaki wakavu huniuliza habari za Kapiteni kama anauliza habari za shemeji yake.

Lakini Kapiteni hapigani peke yake. Ana jeshi, na jeshi hilo ndilo lililoniharibia siku.

Nimewaita askari wa chupa. Hawakuzaliwa, walioteshwa tu kwenye chupa kubwa za kioo, wote sura moja na sauti moja. Hawaoi, hawachoki, hawawezi kukataa. Kapiteni ana filimbi shingoni. Akiipuliza, wanakwenda mbele na kufa.

Soma tena hapo, tafadhali. Mtu anayekata minyororo ya wenzake ana filimbi shingoni. Nimekaa na jambo hilo misimu miwili bila kulisikia, na mimi ndiye niliyemvisha hiyo filimbi.

Najua kwa nini niliwatunga hivyo. Mwanzoni kabisa tulimuua nesi mmoja katika mchezo, msichana mzuri tu, alipigwa na bomu. Sehemu iliyofuata tukaendelea na safari. Wasikilizaji wakapiga simu wiki nzima. Kilio iko wapi? Nani alikwenda kwa mama yake? Munamuacha bule vile? Mzee mmoja alikuja mpaka mlangoni pa redio, na kofia yake mkononi, kuuliza kilio kinafanyikia mtaa gani. Tukalazimika kufanya kilio, matanga kamili, hewani: turubai, moto uani, wanawake wameketi chini ndani ya nyumba, wageni wanaingia kundi baada ya kundi. Na kila kundi likifika, mtu wa familia anasimama kueleza marehemu alikufa namna gani, kuanzia mwanzo. Ndivyo tunavyofanya hapa, hata kama umeshaeleza mara kumi na sauti imekwisha. Sehemu nzima ilikwisha hivyo, na Kapiteni hakupata hata nafasi ya kuwasha chombo chake.

Basi nilipohitaji jeshi la kufa kila Jumapili, nilitafuta watu wasio na kilio. Hawana mama, hawana kwao, hakuna wa kupiga simu. Nikajiona nina akili sana.

Tangu mchana nawaza filamu zote za anga nilizowahi kuangalia, na sasa zote nazitilia shaka. Kuna mkombozi, ana maneno matamu juu ya uhuru, na nyuma yake kuna safu ya watu waliotengenezwa, walionunuliwa au waliofungwa kitu kichwani. Wamevaa kofia za chuma zinazofunika uso. Zamani nilidhani kofia ni za kuzuia risasi. Sasa nadhani ni za kutuzuia sisi tusiwaone. Wanakufa mia, shujaa anaumia bega, na sisi tunalia kwa ajili ya bega.

Nisiende mbali. Niandike yaliyotokea.

Leo tulikuwa studio kurekodi sehemu ya mwisho. Kundi letu haliandiki maneno. Ndivyo waliotutangulia katika michezo ya mji huu walivyofanya, na sisi hatujabadilisha. Naleta kisa, nasema huyu anaingia, huyu anakasirika, huyu anakufa, halafu kila mwigizaji anatafuta maneno yake mwenyewe mbele ya mikro. Kapiteni ni Didier, kijana mwenye sauti nzito ambayo wasichana wa mtaa wa Kasapa wanaifahamu hata akinunua mkate. Askari wote wa chupa ni mtu mmoja, Papa Evariste. Anasema mara moja, fundi wa sauti anaizidisha sauti yake, na unasikia jeshi zima.

Msimdhanie Papa Evariste kuwa mzee mtakatifu. Ni mtani, ana majivuno, anavaa koti la suti hata mahali ambapo hakuna atakayemwona. Zamani alikuwa anachekesha ukumbi mzima, na hajanisamehe kwamba kazi yake kwangu ni kusema "Ndiyo, Kapiteni" na kulia "aah" akianguka. Kila wiki ananiuliza kama jeshi langu halina hata mtu mmoja mwenye kikohozi.

Kisa cha leo kilikuwa chepesi. Vita vya mwisho, Mnara unasubiri kuanguka. Kapiteni anapuliza filimbi. Askari wanasema wako tayari. Wanakwenda, wanakufa wote, Mnara unaanguka, watu wanaimba. Mwisho.

Didier akapuliza. Papa Evariste akasogelea mikro, akatengeneza koti lake, na badala ya kusema wako tayari, akauliza kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Kapiteni, tukikufa sisi, kilio itakuwa kwa nani?"

Didier hakutegemea. Lakini ni mwigizaji mzuri, na mwigizaji mzuri kwetu haachi mikro ikae kimya. Alijibu palepale, kwa sauti yake ileile ya hotuba:

"Kilio ya nini? Ninyi mulitoka mu chupa. Hamuna bantu."

Fundi alivua vile vya masikioni. Dada anayeigiza Malkia, ambaye alikuwa anakula ndizi pembeni, aliacha kutafuna. Hapa kwetu unaweza kumtukana mtu sura yake, kabila lake na upishi wa mke wake, na kesho mkakaa pamoja. Kumwambia hatakuwa na kilio, hilo halisemwi. Didier mwenyewe alishika mdomo.

Na Didier hakukosea. Alifuata kisa changu. Nilimpa mtu yule, akaingia ndani yake, akafungua mdomo, na lililotoka ndilo lililokuwa humo siku zote.

Sikumwona Kapiteni kama mtu mbaya. Na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Alisema vile bila hasira, kama mtu anayekumbusha mvua haijanyesha.

Bwana Directeur, mkuu wa redio, alisikiliza rekodi saa hiyohiyo. Hakupoteza maneno. Shujaa hawezi kusema vile, akasema, mukate pale, muweke "tuko tayari", kesho jioni iende hewani. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa naogopa, nikiri tu. Ameshasema mara mbili kwamba nafasi yetu ya Jumapili inaweza kupewa watu wa mpira.

Papa Evariste alikuwa anakunja skafu yake. Akanitazama mimi, si Directeur.

"Mukikata ile, mutafute muntu mwingine wa kukufa. Miye nilishakufa ya kutosha."

Akatoka. Hakubamiza mlango, na ningependa angebamiza.

Njiani kurudi nyumbani nilimshuku hata yeye. Nilijiambia, huyu mzee anataka maneno mengi, amevizia sehemu ya mwisho aibe onyesho, na ameliiba. Labda ni kweli. Namjua, anaweza. Lakini swali lake haliharibiki kwa sababu aliyeliuliza ana majivuno. Nililigeuza njia nzima na halikuharibika.

Nyumbani kuna picha ukutani, sebuleni, mojawapo ya zile picha za kumbukumbu za enzi ya Wabelgiji ambazo familia nyingi za mji huu zilinunua zamani. Mzungu amesimama na kofia yake nyeupe. Mfungwa amelala chini. Askari mweusi mwenye kofia nyekundu anampiga fimbo. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunamtukana yule askari. Mzungu tulimwogopa, mfungwa tulimhurumia, matusi yote yakabaki kwa mwenye kofia nyekundu. Siku moja nkambo, babu mzaa baba, aliyeletwa kutoka kaskazini na wakusanyaji wa wafanyakazi wa reli, alipita na bakuli lake la bukari, ugali wetu, akasema tu: "Na ule banamukamataka kwabo." Na yule walimkamata kwao. Akaenda kula.

Leo niliingia, nikakaa chini ya picha ile bila kuvua koti. Mchoraji amempa mzungu macho. Mfungwa ana machozi. Askari hana uso hasa, ana kofia na mkono. Sijui alitoka kijiji gani, sijui nani alipuliza filimbi. Nilikuwa nalilia bega tangu utoto.

Kwa hiyo nimeamua, na nimeshamtumia fundi ujumbe: hatukati.

Rekodi inabaki kama ilivyo, swali na jibu. Vita vinapiganwa, wanakufa, Mnara unaanguka. Watu waliofunguliwa wanaanza kuimba. Halafu, kesho baada ya misa, tunarekodi sehemu ambayo haikuwa katika kisa changu. Kilio cha askari wa chupa. Na kwa kuwa hawana mama wala kwao, kilio kinafanyika kwa mtu aliyekuwa na filimbi. Turubai litafungwa uani kwa Kapiteni. Hao hao aliowafungua ndio watakaofika, kundi baada ya kundi, kumpa pole.

Nilimpigia Papa Evariste. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza nani atakuwa maiti. Nikamwambia hakuna, yeye atakuwa mgeni wa kwanza kuingia uani, ndiye atakayeuliza. Akasema atakuja na kikohozi chake. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kucheka.

Didier ndiye aliyenisumbua. Alipiga mwenyewe, sauti ndogo, si ya Kapiteni, akaniita yaya kama kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Yaya, pale ku kilio, miye nitasema nini?"

"Utaeleza walikufa namna gani. Kundi ikifika, unasimama, unaeleza."

"Kila kundi?"

"Kila kundi."

Akaniuliza kama Kapiteni anaweza kusema walijitolea. Nikamwambia ajaribu, aone kama mgeni atamwamini. Akasema hapana, hata yeye haamini. Tukaagana.

Directeur bado sijamwambia. Atasikia kesho jioni pamoja na mama wa samaki na mtaa wote. Anaweza kutufukuza. Watu wa mpira wanaweza kuchukua Jumapili yetu, na nitalia, kwa sababu hii ndiyo kazi pekee ninayoamka nayo nikiwa na furaha. Lakini nikikata, nitabaki na Jumapili na shujaa ambaye siwezi tena kukaa naye chumba kimoja.

Ningependa kufunga hapa, nijione nimefanya vizuri. Ila sijiamini leo, na nimemshuku kila mtu isipokuwa mmoja.

Chupa zile hazikujipanga zenyewe. Kapiteni alizikuta. Kuna mtu aliyeziweka pale, akaondoa mama mmoja mmoja, akaondoa kijiji, akapima sauti moja iwatoshe wote, kisha akaenda kulala vizuri. Kesho studio kutakuwa na mkeka chini, na Didier ataketi juu yake kama mfiwa. Nitavua viatu nikae kando yake.

Papa Evariste ataingia, atakohoa, atauliza walikufa namna gani. Naye simjui kwa kumhurumia mtu. Akimaliza na Kapiteni atanigeukia mimi, na maneno kwetu hayaandikwi, nitatakiwa kuyatafuta palepale.

Nimeyatafuta jioni yote. Nimepata haya tu, na ni ya kweli: walikufa kwa sababu kilio cha nesi kilichukua muda mrefu.