Nilimfutia Mama Mkwe Neno Mkononi, Likarudi Jeupe

Mshauri mpendwa, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusikiliza shida zetu kila wiki. Naomba unisaidie maana siku hizi nikimwona mama mkwe wangu anakunja mkono wa blauzi moyo unaniruka, na kabla hujafikiri vibaya nikwambie kwamba hatuna ugomvi hata kidogo, tunapatana mpaka mume wangu anasema iko siku tutamfukuza yeye atuachie nyumba, na hilo ndilo linaloniumiza, kwamba mtu anayenipenda hivi nimemuunguza kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni msusi, nina saluni ya viti vinne, mwaka wa tisa huu, wateja ninao na nashukuru. Juzijuzi nikanunua mashine ya leza ya kufutia tatuu kwa sababu wasichana wengi wananiuliza, na aliyeniuzia alinifundisha siku mbili, akanionyesha picha za mikono iliyofutwa ikawa safi kabisa, mikono yote ya watu weupe, nami sikuuliza kitu, niliona picha nzuri nikaamini.

Sasa mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa hesabu, ana miaka sitini na tatu, na juu kidogo ya kifundo cha mkono wake wa kushoto kulikuwa na neno CHUMA, la bluu iliyochakaa, herufi zimepindapinda. Baba mkwe, ambaye ni fundi magari, analipenda hilo neno kuliko mwenye mkono. Mgeni akifika, hata soda hajafunguliwa, ataambiwa, "Mwone mke wangu, amejiandika mwenyewe, nilioa chuma mimi!" Miaka thelathini na nane anasema hivyo. Basi siku mashine ilipofika, mama akaja saluni asubuhi kabla ya wateja, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, akaniambia, "Mwanangu, Chuma ni mtu."

Nikamwuliza, "Mtu gani, mama?"

"Kijana mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nipo bweni, rafiki yangu akanichora kwa sindano za kushonea na wino wa kalamu. Baba yenu alipoliona mara ya kwanza akauliza, akajijibu mwenyewe, mimi nikanyamaza. Sasa ameanza kuwasimulia wajukuu. Nifutie."

Tulicheka mpaka tukashikilia ukuta, kisha nikamvalisha miwani ya kinga nikaanza. Mara ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, bluu ikapungua. Kitabu cha mashine kinasema mtu asubiri wiki nyingi kabla ya kurudia, lakini mama alirudi siku ya kumi na mbili, akasema, "Ongeza, mimi nimezaa watano, hako kamwanga hakanitishi," nami badala ya kukataa nikaongeza, maana yeye ni mkwe wangu na kumkatalia sikuzoea. Jioni mkono ukatoka malengelenge. Nilimpaka dawa ya kuungua, nikamfunga kitambaa, akawa anawaambia watu kajiunguza na mvuke wa sufuria. Magamba yalipobanduka, mshauri wangu, bluu ilikuwa imekwisha kweli, ila ngozi ya chini ilikuwa imepoteza rangi palepale kwenye herufi, nyeupe pe, C-H-U-M-A, sasa linasomeka mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Na ule mguu wa A umeanza kuvimba, unamwasha.

Tukavaa mikono mirefu, namaanisha yeye ndiye aliyevaa, mimi nilivaa wasiwasi. Lakini Jumapili alikunja blauzi aoshe vyombo, baba mkwe akaona. Nilidhani leo ni leo. Badala yake akapiga makofi! Akasema, "Umelifanya upya kwa ajili yangu?" Akamshika ule mkono kama kashika yai, kesho yake gereji nzima ikaitwa kuja kutazama. Na kwa kuwa anaamini ni kazi ya mashine yangu, sasa anataka Jumamosi nimwandike na yeye, neno hilohilo, mkono huohuo, wafanane. Mama ananitazama, mimi natazama sakafu.

Mama anataka nipige mara ya tatu kabla ya Jumamosi, kwa nguvu zaidi, "limalizike." Na kuna wasichana watatu nimewapangia siku zao. Je, nipige? Na baba mkwe, nimwambie ukweli au nimwache na furaha yake? Yeye ana raha, mama mbele ya watu ana raha, mimi tu ndiye nisiyekula nikashiba.

Ni mimi, Msusi wa Viti Vinne

*

Msusi wangu, marahaba.

Nimecheka nilipofika kwa baba mkwe, sikufichi. Nyumba ambayo mkwe anafunga mlango amtolee mkwewe siri ya ujana ni nyumba yenye heri, ilinde. Ila kicheko changu kiliishia kwenye ule mguu wa A.

Usipige tena. Si kwa nguvu zaidi, si kwa nguvu kidogo, si kwa sababu mwalimu ameamuru. Nilimuuliza daktari wa ngozi kabla ya kukujibu, akanieleza hivi: ule mwanga unatafuta kitu cheusi ukivunje. Kwa mtu mweupe cheusi ni wino peke yake. Kwetu sisi rangi imo ndani ya ngozi yenyewe, na mwanga usiochaguliwa vizuri unaishambulia rangi yako kabla haujaufikia wino. Ndiyo maana wengine hubaki na mabaka meupe, wengine mabaka meusi zaidi, wengine makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Zipo mashine zinazofaa zaidi ngozi nyeusi, na yupo mtu aliyesomea kuzitumia, anayejaribu kwanza kipande kidogo, akasubiri, akatazama, na akaacha wiki sita, nane au zaidi kati ya mara moja na nyingine. Wewe ulisubiri siku kumi na mbili. Dada, hata rangi ya nywele huwa unaijaribu nyuma ya sikio la mteja! Mkono wa mama yako haukustahili hata hilo?

Hukukusudia ubaya, najua. Lakini heshima kwa mkwe si kumtii akikutuma umuumize. Ungesema, "Mama, sijui," angekukasirikia siku mbili tu.

Sasa fanya hivi. Mpeleke kwa daktari wa ngozi wiki hii, si mwezi ujao, kwa sababu kovu linalovimba likiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi. Nenda naye wewe, ubebe kile kitabu cha mashine, useme mbele ya daktari ulichofanya bila kupunguza. Mkono aukinge na jua. Asipake krimu yoyote ya kubadilisha rangi, hata kama jirani anaisifia. Wapigie wale wasichana watatu leo na uwaambie huduma haipo. Ukitaka kazi hii, kaisomee kwa wanaotibu ngozi kama yetu. Na baba mkwe mwambie saluni yako haiandiki mtu, jambo ambalo ni kweli.

Kuhusu yule Chuma, nyamaza. Siri ni ya mama, mdomo ni wa mama. Lako wewe la kukiri ni kumuunguza tu.

*

Wasomaji, msusi huyu ameniandikia tena. Walikwenda hospitali watatu, maana baba mkwe hakukubali kubaki. Daktari akamchoma mama sindano kwenye kovu, akasema rangi huenda ikarudi taratibu, kwa miezi mingi, pengine isirudi yote. Kisha akauliza neno lile lina maana gani, na baba mkwe akakaa vizuri kitini aanze simulizi yake. Mama akamshika goti. "Baba, hapana. Chuma ni jina la mtu. Nilikuwa msichana. Na hii rangi nyeupe, nilikuwa nalifuta."

Msusi anasema mzee aliinuka, akapokea karatasi ya dawa mkononi mwa daktari. Wakatoka, wakapanga foleni ya dawa, watu sita mbele yao. Walipobaki watu wawili mbele yao, mzee akauliza, "Alikuwa mrefu?"

"Mfupi kuliko wewe."

"Kazi yake?"

"Alikuwa hana. Alikuwa na gita."

Mzee akafikiri. "Gita," akasema, akachukua mkoba wa mkewe akaubeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Tangu hapo, msusi anasema, mgeni akija anaambiwa, "Mwone mke wangu, aliacha gita akachukua spana," na mama anacheka mpaka anafuta macho.

Kwa wengine mnaotaka kufuta: mwulize mwenye mashine amewahi kuitumia mara ngapi kwenye ngozi kama yako, na umwombe akuonyeshe mtu. Akisita, chukua mkoba wako uondoke.