Mikono ya Baba Neema

Jumanne, Kihesa. Baridi ya leo imeuma kweli. Upepo tangu alfajiri, na jua lilipotoka lilikuwa la kutazama tu. Lakini moyoni nina joto, ngoja niandike kabla halijapoa.

Tangu macho ya mume wangu yazimike mwaka jana, amekuwa mtu wa kiti. Dereva wa lori aliyeshika usukani kutoka Mbeya hadi hapa Iringa, sasa anakaa barazani. Watu wakija wananiuliza mimi hali yake, na yeye yupo pale pale, anasikia.

Leo nimechoka kumlinda.

Nilikuwa uani nafunga fagio zangu. Mtama naletewa kutoka Idodi, ule wa fagio, wenye masuke ya nyuzi ndefu. Nilikuwa nimeshauchana kuondoa mbegu na kuulowesha ulainike. Kazi ngumu ni kukaza kamba, na mabega yangu yalishagoma. Nikaenda barazani, nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kigoda na kumwekea mpini mapajani.

"Mama Neema, unanichezea?"

"Nataka mtu mwenye nguvu. Kamba nimeifunga kwenye nguzo. Wewe zungusha mpini huku unavuta, mimi napanga mtama."

Nikadhani atainuka.

Akavuta.

Ufagio wa kwanza ulitoka umepinda shingo, mabua yanachomoka. Nikasema, "Umependeza." Akaupapasa taratibu, juu hadi chini, kisha akanirudishia.

"Usinidanganye. Kata kamba, tuanze upya."

Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu enzi zake za kuwaamrisha vijana wafunge turubai. Nikakata kamba huku machozi yananitoka. Haoni, lakini nadhani alijua.

Wa pili ulikaza hadi nikining'inia kwenye bua, halitoki. Akaomba mwingine, na mwingine. Viganja vikaota malengelenge, akanipa nivishike, anacheka kama bwana harusi.

"Leta mtama."

"Umeisha, Baba Neema."

"Sasa unasubiri nini? Loweka mwingine."

Sijidanganyi, macho hayatarudi, daktari alishasema. Ila nimeolewa na mwanamume mwenye mikono, na leo tumekumbuka wote wawili.

Fungu lingine nimeshalitia majini. Kukicha, tunafunga.