Nyumba Waliyoiita Pango

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefagia ukumbi tena. Mgongo umekwisha, ukumbi haujaisha. Nyumba kubwa kuliko zote Kigombe, na kajenga binti. Rukia wangu, wakala wa forodha mpakani Horohoro. Wenye wana watano wa kiume hawajajengewa hata banda la kuku. Ijumaa tunaisomea dua. Wapishi nimewakodi Tanga mjini, watakuja na masufuria yao. Majirani wapumzike, waje kula tu. Nimewaambia hivyo pale bombani, kwa wema kabisa. Wakajitwisha ndoo zao, wakaenda. Wivu.

Jumatatu, 8 Septemba

Wifi yangu Mwanaisha, ukuta kwa ukuta na mimi, kanipita bila salamu. Kisha muuza vitumbua kaniambia, huku anacheka, kwamba nyumba yangu ina jina. Pango la Mama Rukia.

Nimempigia Rukia simu. Neno hili lina tusi gani? Kasema halina tusi, pango ni uwazi ndani ya mwamba, maji yameula kwa ndani miaka na miaka. Watu wakaliazima kwa kila kitu kikubwa kisicho na mtu.

Nayajua mapango. Tulipelekwa Amboni na shule, mimi darasa la tano. Aliyetuongoza akazima taa. Nikaita mama. Sauti yangu ikanirudia, yangu tu. Basi neno limetoka kule kwenye popo, likaletwa mlangoni kwangu. Nawachukia. Wote.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemfuata Mwanaisha uani kwake. Hakuinuka. Hakunikaribisha. Nikamwambia choyo kitamuua. Akaendelea kupepeta mchele, kisha akasema:

"Nimepika harusi yako. Nimepika arobaini ya kaka yangu, mumeo. Leo mikono yetu michafu, watukodia wapishi? Kaa na pango lako, wifi."

Nikajibu kwamba pilau ya mjini haiungui. Wanawake waliokuwa wakisuka ukili wa mikeka pale uani wakacheka kwa pua. Nimerudi kwangu.

Nilitaka kuwapunguzia kazi. Kazi gani? Hapa mtu ukimwambia asije kupika umemfukuza. Nalijua hilo tangu sijaolewa. Nilitaka waone gari la wapishi likisimama mlangoni kwangu, ndiyo kweli yenyewe. Lakini radhi siombi. Mama Rukia aombe radhi kwa Mwanaisha? Thubutu.

Ijumaa, 12 Septemba

Gari limesimama mlangoni. Hakuna aliyetoka kulitazama.

Pilau nzuri, nyama laini. Mashehe wamekuja, wamesoma, wamekula, wamekwenda zao. Mwanamke hakuja hata mmoja. Mikeka yao nimeitandika mwenyewe, nimeikunja mwenyewe. Nikikohoa ukumbini, vyumba vinaitikia.

Sinia nililompelekea Mwanaisha limerudi na kawa lake juu, halijafunuliwa.

Rukia, aliyekuja kwa ajili ya dua, kaniuliza kama ni kweli niliwaambia wasije kupika. Nikasema ndiyo, kwa ajili ya heshima yako. "Heshima hiyo sikukuomba, mama." Kaondoka kurudi Horohoro bila kula. Mwanangu mwenyewe.

Nimekaa kizingitini. Ndani sikutaka kuingia.

Jumapili, 14 Septemba

Leo kwa Mwanaisha kulikuwa na hitima ya marehemu mama yake, mkwe wangu. Sikuitwa. Lakini kwenye kupika haitwi mtu, unakwenda.

Nimechukua mbuzi ya nazi na kisu, nikapita mlango wa uani. Nikatoa salamu, akaitikia bibi mmoja tu, mzee sana, labda hakunijua. Nikakaa upande wa moshi. Nikaanza kukuna.

Macho yananiwasha, sikuyafuta, wasije wakadhani nalia. Nazi ya pili sijaimaliza, Mwanaisha akalisukuma beseni la vitunguu kwa mguu mpaka likanigusa goti. Hakunitazama. Akaendelea kuwaambia wenzake habari za bei ya mchele.

Nimevimenya vyote.